Vijisanduku Sitini Bila Sura

Delaram binti Iraj hakumpenda ami yake, na ami yake hakumpenda yeye. Naanzia hapo kwa sababu hata paka wa kichochoro chetu cha wachoraji pale Isfahan waliijua habari hiyo. Miaka sita walikaa goti kwa goti katika karakana isiyozidi upana wa mikeka miwili, mahali pa kuchorea watu wadogo kuliko ukucha juu ya vijisanduku vya mfupa wa ngamia, na kila asubuhi walisalimiana kwa maneno yanayonata kwa utamu. Chuki ya mji ule huoga, ikajipaka manukato, ndipo itoke nje.

"Nuru ya macho yangu, umechelewa," ami Nosratollah angesema bila kuinua kichwa. "Ilikuwa foleni ya magari, au foleni ya wavulana?"

"Foleni ya wazee wanaovuka barabara bila kuona, ami. Nilikukumbuka sana."

Wakati huo binti alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mwembamba, mwepesi wa ulimi, hana subira na mtu yeyote, ila akishika brashi hugeuka mtu mwingine. Brashi zake alizitengeneza mwenyewe: nywele chache za shingoni mwa paka mweupe, zimechomekwa ndani ya unyoya wa njiwa. Kazi yake ilikuwa sura. Vijana wengine wa karakana hujaza nguo, farasi, miti ya makomamanga na mapambo ya pembeni, kisha kijisanduku hufika mbele yake kikiwa na watu wenye vichwa vyeupe vitupu. Hushika pumzi, akaweka jicho, nyusi, mdomo mdogo kama punje ya ufuta. Akitoa pumzi, mtu amezaliwa.

Mapenzi yake ya pili yalikuwa gari. Ijumaa jioni, vijana wa Isfahan hawana kazi nyingine isipokuwa kuzunguka na magari barabara ile ile, madirisha wazi, wavulana wakitamka namba zao za simu na wasichana wakijifanya hawasikii. Delaram naye alikuwamo, nyuma ya usukani wa Paykan ya rangi ya chungwa iliyomzidi umri, na rafiki zake watatu wakicheka kiti cha nyuma. Tofauti yake ni kwamba yeye hakuja kutazamwa. Alikuja kuwapita. Mvulana akimkaribia ubavuni na kutengeneza nywele, Delaram hubadilisha gia na kumwachia moshi.

Gari lilikuwa la baba yake. Marehemu Iraj ndiye aliyemfundisha vyote viwili, brashi na usukani, na kwa vyote viwili alikuwa na somo moja tu: usishtuke. Kichwa cha gia alikichonga mwenyewe kwa mfupa wa ngamia, akachora juu yake mwindaji na paa. Miaka ishirini ya kiganja chake ilimfuta yule paa kichwa, akabaki kiwiliwili kinachokimbia. Iraj alipokufa ghafla kwa moyo, miaka miwili kabla ya habari hii, Delaram alikuwa akiketi ndani ya gari lililozimwa, akakifunika kile kichwa cha gia kwa mkono wake, akalia mpaka mama yake aje kugonga kioo.

Sasa nikueleze unafiki wa karakana ile, maana unanichoma mpaka leo. Ubao wa mlangoni uliandikwa: USTADHI NOSRATOLLAH, BINGWA WA SURA. Na bingwa hakuwa amechora sura hata moja kwa miaka sita. Macho yalikuwa yameingia ukungu, na mkono ulitetemeka hata kuinua bilauri ya chai. Delaram alichora, ami akaweka jina lake chini, na hilo jina lenyewe aliliandika kwa kupapasa. Wateja hawakujua. Majirani kama walijua, walinyamaza. Mama yake Delaram alimwambia, "Ami ni baba, vumilia," naye akavumilia, kwa sababu hapakuwa na karakana nyingine iliyokubali kumweka msichana kwenye sura.

Ami alikuwa na mtoto wake wa kiume, Behrang, wa miaka ishirini na sita. Kijana huyo alizimia magari kuliko chakula, na alikuwa dereva mbovu kupita kiasi. Rivasi kwake ilikuwa kitendawili. Ukuta wa shule ya jirani bado una alama ya gari aliloazima kwa rafiki yake. Ami Nosrat aliuma meno kila alipoona binti wa ndugu yake anaingiza Paykan katika kichochoro chembamba kwa mkono mmoja, wakati mwanawe anasubiri basi.

"Mkono unaoshika usukani haushiki brashi," alisema kila wiki.

"Basi mkono wa Behrang ungekuwa wa dhahabu, ami. Haushiki hiki wala kile."

Mambo yaliharibika Ijumaa moja ya majira ya kupukutika majani. Ukoo ulitoka kwenda kula kando ya mto, na mto wenyewe ulikuwa mkavu kama kawaida yake, lakini watu wa Isfahan watatandika zulia kando yake hata ukiwa jangwa. Walikuwapo shangazi, binamu, watoto, na Haji Fathollah mfua shaba, mzee wa kichochoro chetu, ambaye neno lake watu huliogopa kuliko la hakimu. Delaram alikuwa amechutama, anamenya matango.

Ami alilitazama gari lililoegeshwa chini ya mti, akapaza sauti ili wote wasikie. "Mashallah, mashallah. Gari la ndugu yangu bado linang'aa. Gari zuri hili!"

Sasa, kule ukisifiwa kitu chako, huna budi kumwambia aliyesifia: ni chako, chukua. Na aliyesifia hana budi kukataa. Ni kama karibu ya mtu aliyebakiwa na tonge moja: kila mwenye akili anajua jibu lake ni ahsante, nimeshiba. Mtoto wa miaka mitatu anajua. Delaram akajibu kama alivyojibu mara elfu maishani mwake, jicho lake likiwa kwenye tango.

"Ni lako, ami. Halistahili hata vumbi la miguu yako."

"Mungu akuzidishie, mwanangu," akasema ami. "Nimelipokea."

Akanyoosha kiganja.

Kwanza watu walicheka, wakidhani ni mzaha. Kiganja hakikurudi. Cheko likafa taratibu, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikasikika birika inayochemka tu. Haji Fathollah akaweka chini bilauri yake. Delaram alimtazama mama yake, na mama yake akamfinya mkono. Angesema nini? Aseme mbele ya ukoo mzima kwamba neno lake ni la uongo, kwamba alimkaribisha ami yake bila kumaanisha? Aibu ile ingemfuata mama mpaka kaburini. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye kiganja kile kinachotetemeka, na ami akamrushia Behrang kabla haujapata joto.

Delaram na mama yake walirudi nyumbani kwa miguu, wamebeba sufuria. Njiani Delaram alikuwa akilia kwa hasira, machozi yale yanayounguza, na mkono wake wa kulia ulifungwa ngumi kana kwamba bado umeshika ile gia.

Jumamosi alikwenda kazini kama kawaida. Alisalimia, akaketi, akachora nguo, akachora kilemba, akachora mwewe juu ya mkono wa mpanda farasi. Kijisanduku alikiweka rafuni na kichwa cheupe kitupu.

"Na sura?" akauliza ami.

"Sura ni kazi ya bingwa, ami. Mimi ni nani?" Akaonyesha mlangoni kwa brashi. "Jina lililoandikwa pale ni lako, au nasoma vibaya?"

Majirani walikuwa milango wazi, masikio wazi. Ami akateremsha sauti. "Utazimaliza kesho," akasema. Kesho hazikumalizwa. Wala kesho kutwa. Wiki ya tatu Delaram akasema anaumwa kichwa, akabaki nyumbani, na kichwa hicho kikauma mwezi mzima, kisha wa pili.

Majira yale ya baridi yalikuwa kichekesho na msiba pamoja. Kichochoroni, ami Nosrat akitokea, mtu humwambia mwenzake, "Funika, funika! Mpokeaji anapita!" Muuza chai alivua shuka la begani kuificha birika yake mpya. Hakuna aliyemwambia tena karibu, na yeye mwenyewe akaogopa kuitamka. Bibi mmoja kutoka Tehran alisifia kijisanduku, akangoja lile neno la adabu, na ami akakikumbatia kifuani na kutaja bei. Bibi alitoka bila kuaga. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Na Behrang? Alitia taa za bluu chini ya gari, akang'oa kile kichwa cha gia, akaweka cha kioo kinachomeremeta. Alipita mbele ya nyumba ya kina Delaram akipiga honi. Siku moja ya mvua alimkuta kituo cha basi, akafungua kioo.

"Dada Delaram! Utalowa, ingia nikufikishe!"

Delaram aliinua mguu mmoja tu kutoka kwenye ukingo wa barabara, na Paykan ikaondoka, Behrang akicheka mpaka akapanda tuta. Delaram alisimama pale na maji yakimchuruzika usoni, akaapa kwa roho ya baba yake kwamba gari lile litarudi na watalia.

Zilipobaki siku kumi kufika mwaka mpya wa Kiajemi, ule unaoingia baridi inapokwisha, ami alibanwa. Mfanyabiashara wa Tehran alikuwa ameagiza vijisanduku sitini, na vyote sitini vilikuwa rafuni vina wapanda farasi, wapenzi na wapiga zeze wasio na macho wala midomo. Behrang alijaribu vitatu. Watu wake walionekana wanaumwa meno.

Nyumbani kwa kina Delaram mazulia yalikuwa ukutani yanakung'utwa vumbi ami alipobisha hodi, amemleta Haji Fathollah kwa upatanisho, na mkononi ana furushi. Behrang alibaki nje ndani ya gari, taa zake za bluu zikiwaka mchana. Mama akaleta chai na peremende za gazi.

"Binti yangu," Haji akaanza, "nyinyi ni damu moja. Ami yako ana neno."

Ami akatoa ufunguo, akauning'iniza kidoleni. "Nuru ya macho yangu, lile gari ni lako. Chukua."

Moyo wa Delaram uliruka. Angeunyakua pale pale. Lakini mama yake alimfinya paja, na mfinyo ule ulikuwa na maana moja: usiwe kama yeye. Mtu aliyelelewa hukataa kwanza, naye mwenye kutoa huomba tena, na tena, na mara ya tatu ndipo unapokea. Akasema kwa taabu, "Hapana, ami. Limeshakuzoea wewe."

"Haya, kama upendavyo," akasema ami, na ufunguo ukatumbukia mfukoni.

Chai ilimpalia Haji Fathollah. Mama akafumba macho. Delaram alihisi damu inapanda mpaka masikioni: fimbo ile ile, mgongo ule ule, mara ya pili! Na ami wala hakupepesa. Alikuwa tayari anafungua furushi, anapanga vijisanduku juu ya zulia.

"Basi tumepatana mbele ya Haji. Sura hizi, mwanangu, siku nne zinakutosha."

Delaram alivitazama vile vichwa vyeupe. Halafu akatabasamu, na mimi ningekuwa ami yake ningekimbia.

"Sura? Mimi?" akasema. "Astaghfirullah, ami! Nitatiaje mkono wangu mchafu mahali pa mkono wako? Bingwa wa sura yuko hai, yuko mbele yangu, halafu mwanafunzi ashike brashi? Haji atanionaje?"

"Nakuruhusu, mwanangu."

"Adabu hainiruhusu. Jina lako linajulikana mpaka Tehran. Mimi kazi yangu kukuoshea rangi tu."

"Chora, binti, acha utoto."

"Nitachora, ami, ila kwanza unionyeshe moja. Moja tu, nipate baraka ya mkono wako."

Haji Fathollah alipangusa ndevu. Kama alikuwa anajua siku zote, au ndiyo kwanza anaanza kujua, sikuweza kumtoa siri hiyo hata baadaye. "Kweli, Nosrat," akasema. "Miaka sijakuona ukichora. Mchoree mtoto moja, nami nione kabla sijafa."

Delaram alikuwa ameshasimama. Akaleta mto, akauweka dirishani penye mwanga. Akaleta kioo cha kukuzia, akakoroga wino mweusi kidogo kwenye gamba la kome, akachagua brashi mpya, akapiga magoti na kumkabidhi kwa mikono miwili. "Tafadhali, ustadhi."

Ami alishika kijisanduku cha mpanda farasi. Akakisogeza karibu, akakisogeza mbali. Alishika pumzi, mkono haukushikika. Brashi ilishuka ikitetemeka, na jicho la mpanda farasi likaketi shingoni mwa farasi.

"Mwanga mbaya huu," akasema.

Delaram akavuta pazia.

"Brashi ina unywele uliopinda."

Delaram akampa nyingine.

Jasho lilikuwa linamtiririka. Alijaribu tena, na safari hii wino ulidondoka kwenye zulia la mama. Nje, Behrang alipiga honi kwa kuchoshwa.

"Sioni," akasema ami, polepole.

"Sikusikia, ami."

"Delaram!" mama akanong'ona.

"Nimesema sioni!" Ami akaitupa brashi. "Miaka sita sioni! Sura ni zako, zote ni zako, hata zile zilizonipatia zawadi ya meya! Umeridhika sasa, nyoka wee?"

"Bado," akasema Delaram. "Haji, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Haji Fathollah, akiangalia chini.

Delaram akanyoosha kiganja, wazi, kama kile cha kando ya mto, ila hiki hakikutetemeka. Ami alikitazama muda mrefu. Hapakuwa na tafadhali, hapakuwa na nuru ya macho yangu. Akautoa ufunguo na kuuangusha pale.

"Nimelipokea," akasema Delaram. "Na chini ya kila sura litakaa jina langu. Hutaki, mpelekee mfanyabiashara wako mayai haya yasiyo na macho."

Ami alijaribu kuinuka mara mbili, na mara ya pili mama ndiye aliyemshika kiwiko. Sitasema Delaram alimwonea huruma. Nilimuuliza baadaye, akaniambia alichosikia moyoni ni njaa, kama mtu aliyefunga kutwa na sasa ananusa chakula.

Nje theluji ya majimaji ilikuwa imeanza kuanguka. Delaram alifungua mlango wa gari.

"Shuka."

"Baba amesema..."

"Shuka, Behrang. Kichwa cha gia kiko wapi?"

Kilikuwa kwenye kisahani cha majivu, kimejaa jivu la sigara. Delaram alikipangusa kwa mtandio wa kichwani, akakiskurubu mahali pake, kile cha kioo akamwekea binamu yake mkononi. Haji Fathollah, aliyekuwa amejifunza somo siku hiyo, alifungua mlango wa mbele na kuketi kabla hajakaribishwa.

Ami alibaki kando ya ukuta, kola imeinuliwa, theluji inamtua kwenye nyusi. Kwao ni mbali, ng'ambo ya mto. Delaram akashusha kioo.

"Ami, karibu uingie. Nikufikishe."

Mzee wa watu! Miaka sabini kinywa kimezoea njia moja, nacho kikaifuata kabla akili haijaamka. "La, mwanangu, tusikusumbue," akasema, na tayari alikuwa ameinua mguu mmoja kuja.

"Haya, ami, kama upendavyo," akasema Delaram, akatia gia.